Njooni na Miavuli

Kigango chetu kiko kaskazini ya Bagamoyo, safari ya pikipiki ambayo ukifika unashuka na kusimama kwanza, miguu ikumbuke kazi yake. Jina la kijiji silitaji. Bado naishi hapo, na bado nachukua samaki kwa mkopo.

Kanisa lenyewe ni dogo. Kuta ni za mawe ya matumbawe mpaka usawa wa dirisha, halafu kwenda juu ni matofali ya saruji yaliyopatikana kwa awamu, na kila awamu ina rangi yake kufuatana na mchanga uliokuwa wa bei nafuu mwaka huo. Mabenchi ni kumi na moja. La kumi na moja halikaliwi, ni la mchwa. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, inagongwa na kipande cha nondo, na mlio wake unafika msikitini kama adhana yao inavyofika kwetu. Hakuna aliyewahi kumnung'unikia mwenzake. Padri anakuja mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote katekista ndiye anayetuongoza, na kwa kweli anatuongoza vizuri, ila ana ugonjwa mmoja: taratibu za liturujia kwake hazipindi, hata nyumba ikiwaka moto.

Waumini tukijaa tunafika arobaini, na karibu wote ni watu wa kuja. Walimu, nesi wa zahanati, askari magereza mstaafu ambaye ndiye mwenyekiti, na familia zilizofuata mashamba ya nanasi. Mimi ni mtu wa Iringa, nafundisha sekondari ya kata. Mpaka nahamishiwa huku, maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa ya Ruaha Mdogo wakati wa masika. Anayejidai kuyajua maji ni bibi mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, Mhaya aliyekulia Bukoba kando ya Ziwa Victoria. Huyo ukimtajia bahari anakuambia, "Maji ni maji tu, mwanangu." Maneno haya myaweke akilini, tutayahitaji.

Basi mwanzoni mwa mwaka 2019 niliwapeleka wanafunzi Bagamoyo kwenye misheni. Tukaoneshwa mahali ambapo mapadre wa Roho Mtakatifu walianzia kazi mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na kijiji walichowajengea watumwa waliokombolewa. Tukaoneshwa mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara kabisa. Wanafunzi walivutiwa zaidi na mbuyu uliomeza mnyororo. Mimi nikaifuata ile njia ya miembe inayoshuka mpaka baharini, nikasimama chini ya msalaba ulioko ufukweni. Upepo ukanipiga shatini. Na hapo, jamani, wazo likaniingia.

Sharti mjue Njia ya Msalaba, ile sala ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, kwetu ilikuwaje. Picha kumi na nne zimetundikwa ukutani katika kanisa ambalo unalimaliza kwa hatua kumi na tano. Vituo vimebanana kiasi kwamba aliyepiga magoti kituo cha pili anagusana visigino na wa cha tatu. Sasa tuna bahari pale chini, tuna ufukwe mrefu, mweupe, mtupu. Nikajiuliza, kama dini yenyewe iliingia huku kwa njia ya bahari, sisi tunajibanza ndani kuogopa nini?

Nikiwa katibu wa kigango, nililipeleka wazo kikaoni. Ijumaa Kuu tutatoka kanisani, tushuke ufukweni, tuzunguke lile jabali la matumbawe, tumalizie kwenye mbuyu upande wa pili. Vibao kumi na vinne, vituo kumi na vinne. Tukianza saa saba mchana, saa tisa tumesharudi kwa ajili ya Ibada ya Mateso. Mwenyekiti akasema italeta nidhamu. Katekista akauliza kama kuna mahali pa kupiga magoti. Nikamwambia baba, mchanga mtupu, magoti yako hayatakuwa yamewahi kustarehe namna hiyo. Bibi wa Bukoba akasema maji ni maji tu. Wazo likapita.

Ijumaa iliyotangulia, tarehe 12 Aprili, nikashuka saa saba ileile kupima njia. Sikutaka kubahatisha, mimi ni mtu wa vipimo. Bahari ilikuwa imelala, vijiwimbi vyake havina hata nguvu ya kusukuma kifuu cha nazi, na kati ya maji na jabali palikuwa na mchanga wa kutosha kupitisha gwaride. Nikawa natembea nahesabu hatua, sabini kwa kila kituo.

Karibu na jabali alikuwepo mzee mmoja mvuvi, amekaa kwenye ubavu wa ngalawa yake anashona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeangusha kitu?"

Nikamweleza. Ijumaa ijayo, saa kama hizi, watu arobaini, msalaba mbele, mpaka kule mbuyuni. Sindano ikasimama mkononi.

"Ijumaa ijayo?"

"Ndiyo, mzee."

Akahesabu kwa pingili za vidole. "Leo mwezi sita."

"Hapana mzee wangu," nikamwambia kwa upole. "Huu ni mwezi wa nne."

Akanitazama. "Leo mwezi sita, mwalimu. Ijumaa ijayo mwezi kumi na tatu."

Sasa mimi ninavyojua, nchi ya karibu yenye mwezi wa kumi na tatu ni Ethiopia. Nikajisemea, masikini, jua la bahari limemfanyia kazi babu huyu. Nikaitikia kwa heshima zote, kama unavyomwitikia mgonjwa.

"Kutakuwa na bamvua," akaendelea. "Bamvua kubwa. Saa hizo hapa hapapitiki."

"Tutajiandaa, mzee."

"Mtajiandaaje?"

"Tutakuja na miavuli."

Kimya kikapita kati yetu. Mzee akautazama wavu, akaitazama bahari, akanitazama mimi kuanzia viatu.

"Haya," akasema.

Anayeishi Pwani anaijua hiyo "haya". Watu wa huku hawagombani na wewe. Wakishaona umeshikilia la kwako wanakupa "haya" moja laini kama halua, na kuanzia hapo mzigo ni wako peke yako. Mimi niliichukua kama baraka.

Njia nzima kurudi nyumbani nililichambua hilo neno. Bamvua. Nikaona ni mvua tu, ila ya huku: ile inayokuja bam! halafu mvua. Na Aprili si ndiyo masika? Kila kitu kikakaa mahali pake.

Jumapili ya Matawi nikasimama kwenye matangazo, karatasi mkononi. "Wapendwa, kwa taarifa nilizopata kutoka kwa wazee wenyeji, Ijumaa Kuu itakuwa na bamvua, yaani mvua kubwa kwelikweli. Kila mmoja aje na mwavuli. Jumuiya zenye uwezo zije na turubai."

Katika kigango kizima, aliyezaliwa hapa hapa akikua anasikia mawimbi ni mtoto mmoja tu, mtumikiaji wa altare, darasa la tano. Nikamwona amenyoosha mkono. Ameunyoosha kwelikweli, mpaka kiti kinamsogea.

"Matangazo hayana maswali," nikamwambia. Akaushusha.

Ijumaa Kuu yenyewe, tarehe 19, saa nne asubuhi, nikashuka na vibao vyangu. Nilichokiona kilinifanya nicheke peke yangu. Bahari haikuwepo! Ilikuwa imekwenda zake Zanzibar. Mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa na maji, sasa palikuwa uwanja wa mchanga na majani ya baharini mpaka macho yanachoka, na kule mbali kina mama wamejifunga kanga wanachokoa pweza kwenye mashimo. Nikasema Mungu mwenyewe ametuandalia ukumbi. Kwa kuwa nafasi sasa ilikuwa ya bure, niliongeza ujanja wangu: vibao kuanzia cha nne mpaka cha kumi na moja nilivishusha chini zaidi, kuelekea baharini, ili kwaya ipate mahali pa kusimama kwa sauti.

Mama mmoja akapita na ndoo ya pweza kichwani, akasimama.

"Mwalimu, mnapima viwanja?"

"Hapana mama, ni mambo ya ibada."

"Haya," akasema.

Mara ya pili hiyo. Na mimi bado.

Tukaanza saa saba na nusu kwa sababu mwenyekiti alikuwa anatafuta mwavuli. Alioupata ni ule mkubwa wa wakala wa kutuma pesa, ambao ukifunguliwa unatosha familia na mbuzi wao. Mbingu zilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Hakuna wingu hata la kusingizia. Lakini neno la katibu ni neno la katibu, kwa hiyo tukashuka watu thelathini na wanane na miavuli ishirini na sita, mbele msalaba wa mbao za mwembe umebebwa na wanaume wanne, nyuma yake yule mtoto na vibao viwili vya kugonganisha. Hapa niwaeleze wasiojua: kuanzia wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, kengele hailii. Tunatumia mbao. Kra, kra, kra.

Kituo cha kwanza, bahari ilikuwa palepale nilipoiacha Ijumaa iliyopita. Nilifurahi sana, nikaona vipimo vyangu viko sawa. Tofauti ilikuwa moja tu: Ijumaa iliyopita ilikuwa inaondoka, na leo ilikuwa inakuja.

Kituo cha nne kibao kilikuwa kinalambwa. Nikasema ni wimbi la bahati mbaya. Kituo cha tano maji yaliingia kwenye viatu vya mwenyekiti, ambavyo ni vya jeshi na havitoi kilichoingia. Kituo cha sita, katekista akatamka "Ee Yesu, tunakuabudu", na kama desturi ilivyo, sote tukapiga magoti. Sasa maji ya kifundo cha mguu ukiyapigia magoti yanakuwa maji ya kiuno. Nikasikia mfululizo wa pumzi nyuma yangu, hiii, hiii, hiii, kama pampu ya baiskeli. Tukasimama tumelowa, miavuli imekauka.

"Kituo cha saba tusipige magoti," nikamnong'oneza katekista.

"Mwalimu," akajibu, "hiyo ruhusa umeipata wapi?"

Kituo cha saba tukapiga magoti. Maji yakafika kifuani. Bibi wa Bukoba peke yake alibaki wima, kitenge amekikunja mpaka magotini. Katekista alipomtupia jicho, akasema kwa sauti ya kwaya nzima kusikia, "Mimi leo naabudu nimesimama. Anaona moyo."

Wakati huo tulikuwa tumeshapita kona ya jabali. Upande wetu wa kushoto mwamba wa matumbawe, mkali kama kikwangulio cha nazi, mrefu kuliko mtu. Kulia bahari. Mbele, mahali ambapo kibao cha tisa kilipaswa kuwepo, ilionekana kichwa chake tu, namba tisa inachungulia inazama, inachungulia inazama. Na wale wanaume wanne waliokuwa wameubeba msalaba, sasa msalaba ndio ulikuwa unawabeba wao. Ulikuwa unaelea, nao wameushika pande zote kama wasafiri wa basi waliokosa viti.

Mimi sikukubali. Kuna ukaidi ambao mtu huupata akiwa ameandaa ratiba. Nikainua kipaza sauti cha mkono, nikatangaza: "Kituo cha Tisa. Yesu anaanguka mara ya ta—" Sikumaliza. Asubuhi kina mama walikuwa wamechokoa pweza hapo, na shimo lilikuwa bado wazi. Nilizama mpaka kofia. Naambiwa mkono wenye kipaza sauti ulibaki juu, na kwamba kwa sekunde kadhaa kiliendelea kutoa mlio mrefu kama mbu mwenye kiburi.

Nilipoibuka, sala ilikuwa imekwisha na ugomvi umeanza. Turudi! Tukageuka. Kona tuliyopita dakika kumi zilizopita sasa ilikuwa inapigwa na mawimbi, na povu linaruka mpaka juu ya mwamba. Mbele hapapitiki, nyuma hapapitiki. Tukarudi nyuma mpaka kwenye mwamba wenyewe, tukajipanga mstari tumeuegemea, maji mapajani kwa warefu, kiunoni kwa wafupi, watoto juu ya mabega. Na kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi nyingine, na jua linachoma, watu wakafungua miavuli. Hebu ione hiyo picha. Kigango kizima ndani ya Bahari ya Hindi, mstari mmoja, miavuli ishirini na sita ya kila rangi, na angani hakuna tone la mvua.

Mwenyekiti naye akafungua wa kwake. Upepo ulikuwa unaungoja. Ulimvuta hatua tatu kuelekea Zanzibar kabla hajafanya uamuzi wa busara wa kuuachia. Mwavuli ukaenda unabingirika juu ya maji, na sote tukausindikiza kwa macho.

Ndipo bibi akanigeukia.

"Mwanangu, hivi pale shuleni unafundisha somo gani?"

Nilitamani lile shimo la pweza.

"Jiografia, bibi."

Hakuna aliyesema kitu. Mawimbi tu.

Na si jiografia tu. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha pili, chaki mkononi, nimechora dunia, jua na mwezi, nikawafundisha kwa Kiingereza fasaha kwamba mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, jua na mwezi huvuta pamoja, maji yakajaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Na kwamba mwezi ukiwa nusu, maji yanakuwa mafu, hayaendi mbali wala hayaji karibu. Jina lake la Kiingereza nililipigia mstari ubaoni. Niliwapa hata jaribio, na nikawachapa wawili. La Kiswahili niliambiwa bure na mzee mwenye wavu, nikampa jibu la miavuli.

"Tugonge mbao," akasema katekista. Mtoto akagonga. Kra, kra, kra. Hata samaki hawakugeuka.

"Kengele ndiyo itasikika," mtoto akasema. "Mimi naweza kupanda hapa, napandaga kila siku." Akaonesha ufa mwembamba kwenye mwamba ambao sisi wenye miili tusingeweza kuingiza hata mguu. "Nikagonge, katekista?"

Sijawahi kuona mtu akiteseka vile. Maji yalikuwa yamepanda mpaka yanamfika katekista kwenye mfuko wa shati, kitabu cha sala amekiweka kichwani, na bado nilimwona anawaza. "Kengele... hailii mpaka Utukufu," akasema polepole.

"Gonga!" bibi akapaza sauti. "Gonga mjukuu wangu, dhambi nitaiungama mimi!"

Mtoto akapanda ule mwamba kama kenge.

Bahati yetu ilikuwa siku yenyewe. Ijumaa wavuvi wengi wa huku hawaingii baharini. Wanaswali, wanakula, wanapumzika. Kwa hiyo vyombo vyote vilikuwa nanga, na wenyewe wamekaa kivulini wanacheza bao. Rimu ilipoanza kulia, siku isiyo Jumapili, saa isiyo na ibada, tena inagongwa na mtoto aliyeogopa, wakajua kuna msiba au moto. Wakakimbilia kanisani wakamkuta mtoto na nondo yake. Aliwaambia sentensi moja tu, na wanasema hawakumwelewa mpaka walipokuja kujionea: "Kanisa liko baharini."

Ngalawa tatu zikazunguka jabali na mtumbwi mmoja mbele yao, unasukumwa kwa pondo, ule mti mrefu. Kwenye omo, mbele kabisa ya ngalawa ya kwanza, alisimama mzee wangu wa wavu. Akatuangalia kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, mwavuli kwa mwavuli. Vijana wake walikuwa wameshaanza kuinama, mabega yanatikisika, lakini yeye alijizuia, haki ya Mungu alijizuia.

"Mwalimu!" akaita. "Imenyesha?"

Walitubeba kwa safari mbili. Walianza na watoto na kina mama, bibi akapandishwa kama malkia, msalaba ukavutwa kwa kamba nyuma ya ngalawa ya mwisho. Mimi niliachwa mpaka mwisho kabisa na sikuuliza kwa nini. Kijijini wake za wavuvi walikuwa wameshatandika mikeka na kutukoshea vikombe. Wakatupa kanga za kujifunga, chai ya tangawizi, na supu ya pweza wa asubuhi ile, pengine mwenye lile shimo nililoanguka.

Katekista akakishika kikombe, akakitazama. Siku ya kufunga na kujinyima nyama. "Samahani," akamuuliza mzee. "Pweza ni nyama?"

"Pweza ni pweza," akasema mzee.

Bibi alikuwa anaomba cha pili.

Ibada ya saa tisa tuliifanya saa kumi na moja, tumevaa kanga za watu. Yangu ilikuwa na maandishi ambayo sitayarudia, yaliwahusu wapangaji wasiolipa.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumamosi usiku, Mkesha wa Pasaka, kanisa limejaa, mishumaa inawaka, katekista akaanzisha Utukufu kwa sauti iliyoonesha kwamba angalau jambo moja wiki hii litafanyika kwa wakati wake. Yule mtoto akatoka mbio mpaka kwenye mwembe, akaigonga ile rimu kwa furaha yake yote. Tukaimba. Tulikuwa hata hatujamaliza tukasikia vishindo vya watu wanakimbia nje, tochi zinamulika madirishani, na sauti inaita gizani:

"Safari hii wako wapi?"

Ilibidi mwenyekiti atoke nje kuwaeleza kwamba huo ulikuwa mlio wa shangwe. Walicheka, wakakaa chini ya mwembe kusikiliza nyimbo mpaka mwisho. Tulipotoka, mzee wangu alikuwepo, na kwapani ana kibao changu cha kumi. Kilinasa kwenye wavu.

Katekista, aliyekuwa na furaha ya Pasaka, akaketi naye akamweleza jinsi tunavyoipata siku yenyewe: unatafuta mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, na Jumapili inayofuata ndiyo Pasaka. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe na nyie mnafuata mwezi?"

"Tunafuata mwezi," akasema katekista.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, tangu zamani sana."

Mzee akaniangalia mimi. Sikuwa na la kusema, nikawa nafuta mchanga kwenye kibao.

"Basi mwakani mwalimu njoo uniulize mapema," akasema. "Usingoje mpaka mwezi mpevu. Njoo mwezi tano."

Nikatoa simu niandike nisisahau. Tarehe tano, mwezi wa... Kidole kikaganda.

"Mzee," nikasema, "mwezi tano ya mwezi gani?"

Alicheka mpaka akashika mwembe. Alipopata pumzi alimwashiria yule mtumikiaji, aliyekuwa bado na nondo mkononi. "Mjukuu, mweleze mwalimu."

Mtoto akanitazama, akasita kidogo, halafu akanyoosha mkono kwanza.